Mkanda wa Kumi kwa Tisa

Kaka alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa nimeinamia kompyuta ya mteja aliyemwaga chai juu ya kibodi kisha akaapa kwamba ni mvua. Nilimwacha na mvua yake ya ndani ya nyumba, nikapokea.

"Mdogo wangu, unaikumbuka Korido?"

Ningeisahauje? Korido ndilo jina tuliloupa mchezo wa kupiga risasi tuliocheza kwenye karakana ya kompyuta ya mjomba tukiwa vijana. Unaona mikono yako na bunduki tu, unakimbia kwenye vichochoro vya mawe, na adui yuko nyuma ya ukuta fulani.

"Jumamosi mjomba anastaafu," kaka alisema. "Nataka tuicheze mbele ya wageni kwenye skrini kubwa, mimi na wewe, watu wacheke. Disiki ya zamani ninayo, nakutumia leo."

"Na ile mikanda ya mechi zetu?"

"Mikanda ilishakufa, usijisumbue nayo. Wewe washa mchezo tu."

Jumamosi hiyohiyo mjomba alikuwa anamkabidhi kaka karakana, na mimi nilikuwa nafunga meza yangu ya ufundi, nahamisha wateja wangu wote kwake, na kusaini kuwa mshirika wake. Mama alishasema damu nzito kuliko maji, na mimi nilishakubali. Nilikuwa nimeanza hata kuwaambia wateja wapi pa kunikuta.

Mjue ilivyokuwa. Miaka ishirini na miwili nyuma, mjomba alikuwa na nafasi moja tu ya mwanafunzi wa ufundi, na sisi tulikuwa wawili. Kaka alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi na sita, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Mjomba hakuwa mtu wa kupenda ugomvi. Aliunganisha kompyuta mbili kwa waya, akatukalisha tumepeana migongo, akasema, "Wa kwanza kuua mara kumi, kiti ni chake." Tulimaliza kumi kwa tisa. Kaka akakaa, mimi nikaenda kupiga pasi mashuka ya hoteli kwa miaka saba.

Sikuwa na kinyongo, na sisemi hivi ili nisifiwe. Kaka alinishika bega siku ile akaniambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," nami nikakubali. Tena zile tisa ndizo zilizonilea. Nikiwa na pasi mkononi nilikuwa najiambia kwamba mtu aliyefika tisa si mbumbumbu. Kwa tisa hizo niliokota kompyuta mbovu nikazifungua, nikaharibu nyingi, nikafufua chache, mwishowe nikakodi meza yangu. Wanangu wawili wa kike wanaijua mechi ile kuliko wanavyojua tarehe yangu ya kuzaliwa.

Disiki ilifika imefungwa kwenye gazeti. Waya wake wa zamani, mpana kama mkanda wa suruali, hauingii popote kwenye mashine za leo, kwa hiyo nikatafuta kiunganishi. Disiki ikalia kidogo, ikazunguka, ikafunguka. Nikabofya mchezo. Kompyuta yangu mpya, ya bei mbaya, ikaniambia programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Basi nikaweka programu inayojifanya kompyuta ya zamani, nikaupakia mchezo humo ndani. Ukawaka, lakini kwa kasi ya ajabu: askari walikuwa wanakimbia kama wamemwagiwa maji ya moto. Nikapunguza mwendo. Sura zikawa nene, kwa sababu skrini za siku hizi ni pana. Nikarudisha picha kwenye umbo lake. Ikabaki sauti, ambayo ilinilia Jumanne nzima. Jumatano mchana nikasikia mlango wa chuma ukifunguka ndani ya mchezo kama ulivyokuwa ukifunguka utotoni, nikacheka peke yangu.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kuwaonyesha wageni mechi yenyewe.

Mjomba alikuwa na sheria: kila mechi inayochezwa kwenye kompyuta ya mbele irekodiwe, wateja waliolipia kucheza wakigombana atoe ushahidi. Rekodi hizo tuliziita mikanda. Lakini mkanda wa Korido hauhifadhi picha, unahifadhi vitufe tu, kila kitufe na muda wake, na mchezo ndio unaocheza upya kwa kuvifuata. Wiki moja baada ya mechi yetu mjomba aliweka toleo jipya la mchezo, na mikanda yote ikaharibika: ukifungua mmoja, askari anatembea akagonga ukuta, anaendelea kuugonga mpaka mwisho. Tukasema imekufa. Kumbe ilikuwa inataka toleo lake tu, na toleo lile la zamani lilikuwa palepale kwenye disiki, kwenye folda ambayo hakuna aliyejali kuifuta.

Nilitaka kuziona tisa zangu. Nikaufungua mkanda wa mechi yetu.

Siku ile kaka ndiye aliyekalia kompyuta ya mbele, kwa hiyo niliona kwa macho yake. Kabla hajapiga hatua hata moja, herufi tano alizoandika zilipita chini ya skrini, neno la siri la kufungulia hila za mchezo. Pembeni ikachoreka ramani ya jengo zima, na ndani yake kitone chekundu kinatembea. Kitone kilikuwa mimi.

Fundi haamini mara ya kwanza. Nikakagua mwendo, nikakagua toleo, nikaucheza tena, na tena. Kila mara ilikuwa vilevile. Mimi nimejificha nyuma ya nguzo, nimebana pumzi, najiona mjanja, na yeye yuko upande wa pili, bunduki ameielekeza pale nitakapotokea. Mara nyingine alisimama tu, amenipa mgongo, nami nikampiga. Nikadhani alikuwa anasoma ramani. Nilikasirika, lakini nikajipa moyo: mtu anayeniona kupitia kuta, bado nilimpiga mara tisa!

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kaka ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na miwili.

Alhamisi saa sita mchana nilimkuta karakanani anapima mahali pa kuweka meza yangu. Nikaweka kompyuta mbele yake, nikaucheza mkanda. Zilipopita zile herufi tano, aliacha kupima. Alitazama mpaka mwisho.

"Nani alikufundisha?" nikauliza.

"Mteja mmoja. Siku mbili kabla." Akakunja futi yake ya chuma. "Nilikuwa mtoto, mdogo wangu. Nilikitaka sana kile kiti."

"Na mimi sikukitaka?"

"Ulikitaka. Ndiyo maana nilikuachia tisa."

Sikumwelewa. Akaona sikumwelewa, akaeleza kwa upole kabisa, kama anayenikumbusha wema wake. "Ningekumaliza kumi kwa sifuri mbele ya mjomba. Sikutaka uaibike. Unaona pale niliposimama? Nilikuwa nakungoja unipige."

Wizi wa kiti pengine ningeusamehe. Nina mdomo mrefu lakini moyo wangu si wa chuma. Ningemtukana, ningenuna mwaka, mama angetupatanisha. Lakini tisa zile hazikuwa zake kunipa. Juu ya hizo nilisimamisha maisha yangu yote, na nilijiona mpumbavu, mwanamke mzima, mbele ya mtu aliyekuwa bado anangoja nimshukuru.

"Sasa Jumamosi utakuja kusaini?" akauliza. "Wageni tumeshawaalika."

"Sisaini. Mchezo unafanya kazi, kaka. Cheza peke yako."

Nililia barabarani, mchana kweupe, nimebeba kompyuta kifuani, watu wananipisha.

Nilipofika nyumbani, binti yangu mdogo alinidaka mlangoni. Alitaka kujua kama nimeshaanza mazoezi, maana ameshawatangazia wenzake wote darasani kwamba mama yake alifika tisa na Jumamosi atafika kumi. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamtazama alivyonitazama, nikamtuma dukani akaninunulie chumvi, na chumvi tulikuwa nayo.