Sabuni ya Waziri Kipande

Katika nchi ya Utando, ambako watu wote waliishi ndani ya ukuta wa mafuta, cheo hakikuombwa, kilipimwa. Kila mwaka koo zilitolewa ukutani kwa sabuni laini, zikavishwa kaniki, zikapitishwa kwenye bwawa la ute mzito. Ukoo mkubwa ulikwama mapema, karibu na kiti cha Mfalme, ukapata cheo. Wadogo waliteleza hadi chini kabisa.

Waziri Kipande, waziri wa jina tu, hakuwa na ukoo, na kila mwaka aliteleza peke yake. Kutoka kule chini aliwatazama Wasagaji, ukoo uliosaga unga wa nchi nzima, ndugu kumi na saba walioshikana mikono, wamekwama mbele ya Mfalme kana kwamba wamealikwa chai. Lo! Kijicho kilimla.

"Ukubwa gani huo?" alinung'unika. "Waachanishe uone!"

Akapeleka hoja barazani. "Mtukufu Mfalme, haki ni kumpima mtu mmoja mmoja. Tutumie sabuni kali na maji ya moto, mikono iachane."

Bibi Mshikizo, mkubwa wa Wasagaji, akainuka. "Mtukufu, sisi tukiachana si wasagaji tena. Jiwe la kinu halizungushwi na mmoja."

"Mnamsikia?" Waziri akacheka. "Anaogopa kupimwa!"

Baraza likacheka, na Mfalme, ambaye hakupenda kuachwa nyuma katika kicheko, akapiga muhuri.

Koo zote zikachemshwa. Mikono ya Wasagaji ikaachana, migongo yao ikanyooka, wakateleza mmoja mmoja, wakampita Waziri kwenda chini. Aliwatazama, roho yake kwatu. Mmoja mmoja, wote walikuwa wadogo kuliko yeye; mwaka huo yeye ndiye aliyekwama karibu na kiti.

Siku ya tatu unga ukaisha nchini. Wasagaji wakarudishwa kinuni, wakabaki kuangaliana. Bibi Mshikizo alinyoosha mkono, asijue ampe nani.

"Ulikuwa ukimshika nani?" Waziri akamfokea.

"Sijui, mwanangu. Kila mgongo ulipinda kumfuata mwenzake. Mmetunyoosha."

Mfalme akageuka. "Waziri, si wewe ndiye mkubwa sasa? Haya, saga."

Kipande akaushika mpini. Akasukuma. Akasukuma tena, jasho likamtoka. Mlangoni watu wa Utando walisimama na mabakuli matupu. Hatimaye nchi nzima ilimtazama yeye peke yake, na jiwe halikutikisika.