Mtaa Uliopakwa Kijani

Ramani ilikataa kulala mezani. Kila alipoikunjua mwanangu, ilijikunja tena kama jongoo aliyeguswa, hadi mkamwana wangu, mke wa kaka yake, alipoibana pembe kwa kikombe cha maziwa. Kikombe hicho ni changu. Kila asubuhi huniletea cha kwanza, kabla hajachemsha, kingali na joto la ng'ombe. Ndivyo anavyonipenda. Siku hiyo alikileta akijishika kiuno, utadhani yeye ndiye bibi.

Mwanangu hufanya kazi ofisi ya mifugo mjini, akichora mahali ambapo maradhi ya wanyama yanaweza kuwarukia watu. Kwekundu ndiko kwenye hatari, ndiko chanjo itakakopelekwa. Alitueleza dalili za ugonjwa aliokuwa akiuchora safari hii: ng'ombe kutupa mimba, kisha, kwa aliyewashika kwa mikono mitupu au kunywa maziwa mabichi, homa za jioni na viungo kuuma.

Mkamwana akakaa taratibu. "Shemeji," akasema, "hapo umechora ng'ombe au umenichora mimi?"

Hatukucheka. Ng'ombe wetu walikuwa wametupa mimba, na mikono iliyowasaidia ni hiyo yake. Tangu hapo zahanati humpa dawa za malaria; zikishindwa, humpa nyingine za malaria.

Nikautafuta mtaa wetu, nikaukuta ubavuni mwa kikombe. Kijani kibichi.

Mwanangu akasema kwa sauti ya chini kwamba kijani maana yake hakuna taarifa. Taarifa huletwa na madaktari wa mifugo, na huku hajawahi kupangiwa hata mmoja. Kesho wakubwa wangeitia ramani saini.

Hasira zangu huchelewa kuja, lakini zikija hukaa.

"Kwa hiyo asiyeulizwa ni mzima?" nikamwambia. "Shemeji yako anameza dawa za mbu kwa ugonjwa wa ng'ombe. Rangi hiyo umempaka yeye, baba."

Ni mtoto mwema. Mfukoni mwake mlikuwa na dawa ya magoti yangu. Akakiinua kikombe ili aikunje ramani. Chini yake duara jeupe la maziwa lilikuwa limekula nusu ya mtaa wetu. Mkamwana akawahi kushika pindo la nguo yake afute, akiomba radhi.

Nikamshika mkono. "Acha, binti yangu."

Mwanangu alilitazama duara lile likikauka. Kisha akatoa simu, akamtafuta mkuu wake.

Simu ilikuwa bado inaita nilipoingia jikoni. Nikayamimina maziwa yangu sufuriani, nikawasha moto.