Dakika Arobaini na Moja za Mikono Hewani

Kazini walimwita Bi Desimali, na jina lilimkaa sawasawa kama miwani yake. Kampuni ilikuwa na viwanda kumi na kimoja katika nchi tisa, vyote vikitengeneza bawaba: za milango, za madirisha, za makabati, hadi zile ndogo kama ukucha za masanduku ya vito. Kila Jumatatu namba za viwanda vyote zilimfikia mezani kwake makao makuu, ghorofa ya sita. Kazi yake ilikuwa kuzisoma na kumwambia mkurugenzi nani anafanya vizuri, nani anajikongoja, na nani anadanganya. Kwenye hilo la tatu, kwa miaka kumi na minne, hakuwa amekosea hata mara moja.

Ndiyo maana Kiwanda cha Saba kilimchanganya. Kwingine, katika kila bawaba elfu moja zilitoka mbovu kumi na tano au ishirini. Kwenye Kiwanda cha Saba zilitoka mbili. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyekatwa hata kidole, na zile ni mashine zinazokata chuma kama karatasi. Mambo mazuri. Lakini mwaka ule kampuni ilikuwa imefunga kamera kila kiwanda, zikihesabu muda ambao mikono ya mfanyakazi haigusi mashine wala chuma. Kipimo hicho kilipewa jina la "mikono hewani". Viwanda vingine vilipata dakika tisa kwa zamu, kumi na mbili zikizidi sana. Kiwanda cha Saba kilipata arobaini na moja.

Kwa hiyo kiwanda kivivu kuliko vyote ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote. Namba moja kati ya hizo, Bi Desimali aliapa, ilikuwa ya uongo.

"Nenda ukaangalie mwenyewe," mkurugenzi alimwambia. "Kama kamera zinasema kweli, pale kuna watu thelathini na wawili ambao hatuwahitaji. Nataka jibu Ijumaa."

Alifika Jumatatu asubuhi. Meneja wa kiwanda, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole kupita kiasi, alimpokea getini huku akijipangusa paji la uso. Hakumpeleka ofisini kwanza. Alimpeleka moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa ukumbi wa mashine, akampa vizibo vya masikio.

"Bi mkubwa, ukishavivaa usivitoe," alisema. "Hata ukitaka kuniuliza jambo, subiri tutoke. Humu ndani hakuna anayevitoa."

Bi Desimali aliguna tu. Alikuwa ameshaingia kwenye viwanda vingine, na alijua jinsi vizibo vinavyovaliwa: kimoja sikioni, kingine kinaning'inia shingoni, maana ukitaka kuambiwa kitu lazima usikie.

Mlango ulifunguliwa. Mtikisiko wa mashine mia moja na arobaini ulimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Kisha akaiona mikono.

Ukumbi mzima ulikuwa ukiongea. Mtu alipachika kipande cha chuma, akakanyaga pedali, na chuma kilipokuwa kikikatwa mikono yake iliruka juu, ikakunja vidole hivi, ikavifungua vile, ikarudi kazini. Mbele yake mwingine alitikisa kichwa na kujibu. Mikono ilipanda na kushuka pande zote za ukumbi ule mrefu, juu ya vichwa, kifuani, kando ya mashavu. Mwanamke mmoja alicheka mpaka mabega yakatetemeka, na kichekesho chenyewe kilikuwa kimetoka kwa mwanamume aliye mashine kumi na mbili kutoka kwake.

"Umbea," Bi Desimali alijiambia moyoni. "Kamera hazikukosea. Hawa wanapiga umbea tu."

Alipanda ngazi ya chuma mpaka kwenye ujia wa juu ili aone vizuri. Hakukaa muda mrefu. Mwisho kabisa, karibu na mlango wa mizigo, msichana mwenye aproni ya kijani aliokota bawaba iliyokwisha, akaigeuzageuza, akakunja uso. Aliinua mkono wa kushoto, akafanya ishara mbili. Mwanamke wa safu ya mbele aliidaka ishara kwa pembe ya jicho, akaipitisha. Wa tatu akaipitisha. Kabla Bi Desimali hajamaliza kuvuta pumzi, mashine namba tisa, upande wa pili kabisa wa ukumbi, ilikuwa imeshazimwa, na mwanamke mmoja mrefu alikuwa ameshanyooka pale alipoinama, amechagua spana, anaifuata namba tisa bila haraka. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyeacha mashine yake.

Alitoa saa yake ya kupimia, akasubiri tukio lingine, akalipima. Sekunde nne.

Alijua kwingine inachukua muda gani, kwa sababu aliwahi kupima mwenyewe. Mtu anaona kasoro, anatoa kizibo, anaacha mashine, anatembea, anapiga kelele sikioni kwa msimamizi, msimamizi anamtafuta fundi. Dakika sita. Na kwa dakika hizo sita mashine inaendelea kutema bawaba mbovu, kama mia mbili hivi. Alisimama pale juu ameshika chuma cha ujia kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuanguka.

Mchana meneja alimwitia msimamizi wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye maneno ya haraka. Walikaa kwenye chumba cha vioo.

"Nani amewafundisha?" Bi Desimali aliuliza.

"Dada yangu. Yule mrefu, fundi wa kalibu, zile za kukatia na kukunjia chuma. Wanamwita Mama Bisibisi." Msimamizi alicheka kidogo. "Dada ni kiziwi tangu ana miaka sita, aliugua homa. Alipoajiriwa hapa, miaka kumi na tisa sasa, mimi peke yangu ndiye niliyejua kuongea naye. Akawafundisha wa safu yake. Safu ya pili ikaona wivu. Mambo yakaenda hivyohivyo."

"Na hili mbona halijaandikwa kwenye ripoti hata moja?" Alimgeukia meneja.

"Fomu yenu haina pa kuliandika, Bi mkubwa," meneja alijibu, na kwa mara ya kwanza hakujipangusa jasho. "Nilijaribu mwaka wa kwanza. Kompyuta ilikataa. Iliniambia niweke namba."

Mama Bisibisi aliingia akijifuta grisi, bisibisi imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa mkubwa kuliko Bi Desimali kwa miaka kumi au zaidi. "Shikamoo," Bi Desimali alisema, kisha akaona aibu, akitafuta mkono wa kusemea. Yule mama alikuwa ameshasoma midomo yake. Alitabasamu, akajibu kwa ishara moja pana.

"Anasema marahaba," mdogo wake alitafsiri. "Na anasema wameshakupa jina. Usiniulize ni lipi."

"Muulize kwa nini aliwafundisha. Alitaka kupunguza bawaba mbovu?"

Mikono ya fundi ilijibu kifupi.

"Anasema hapana. Alichoka kuwa wa mwisho kuambiwa mambo."

Bi Desimali aliandika hilo neno kwa neno. Kisha akauliza swali lililomleta: katika dakika zile arobaini na moja, ngapi ni za kazi, na ngapi ni za umbea?

Fundi alimtazama kitambo, kama mtu anayetazama mashine inayotoa sauti mpya.

"Anasema, wewe mdomo wako, tangu asubuhi, umesema maneno mangapi ya kazi?"

Meneja alikohoa akitazama dirishani. Bi Desimali alitaka kukasirika, akashindwa.

Jumanne na Jumatano alihesabu. Alikaa na msimamizi pale juu, akimwonyesha mikono ya watu kwa kidole, naye msimamizi akimwandikia tafsiri kwenye karatasi kwa penseli: hii kalibu imelegea, huyu anaomba mafuta, huyu anasema mume wake amenunua viatu vidogo kwa saizi moja na bado anang'ang'ania vinamtosha. Alichora safu mbili, kazi na umbea, na kila saa safu zilizidi kuingiliana. Jumatano saa nne asubuhi mwanamke wa mashine ya thelathini alimwambia jirani yake kwamba hakulala, mtoto ana homa. Umbea, Bi Desimali aliandika. Habari ilivuka ukumbi. Muda si muda Mama Bisibisi alimtuma mtu abadilishane naye. Mama wa mtoto akapelekwa kupanga maboksi, mbali na visu. Bi Desimali alilitazama lile neno aliloandika, akalifuta. Baadaye akaifuta safu nzima. Vidole vyote elfu moja na mia nne vya ukumbi ule vilikuwa vimefika nyumbani salama kwa miaka minne, na sababu ilikuwa imo katika dakika ambazo yeye alitumwa kuzikata.

Alhamisi alikwenda kwenye zahanati ya kiwanda. Hakujua hasa anatafuta nini, ila alikwisha kuona kwamba kila alipofunua kitu pale kulikuwa na kingine chini yake. Muuguzi alimpa daftari la vipimo vya kila mwaka. Uzito, macho, mapafu, masikio.

Alisoma safu ya masikio. Akaomba kwa simu daftari kama hilo la viwanda vinne vingine, akaletewa kwenye kompyuta alasiri. Kwingine, kati ya watu waliofanya kazi zaidi ya miaka kumi, theluthi moja walikuwa wamepoteza usikivu. Hapa, kati ya watu mia moja na arobaini wa zamu ile, ukimwacha Mama Bisibisi mwenyewe, walikuwa wawili, na wote wawili waliletwa wakitoka viwanda vingine.

Alikaa kwenye benchi la zahanati, daftari mapajani. Kwa kuwa hawakuhitaji kusikia ili waambiwe, hakuna aliyekuwa akitoa kizibo. Mwanamke asiyesikia alikuwa amewahifadhia masikio watu wote wale, bila kukusudia, bila hata kujua. Bi Desimali alimtafuta msimamizi, wakaenda pamoja kumwambia. Mama Bisibisi alifuata mikono ya mdogo wake hadi mwisho. Aligeuka akautazama ukumbi, safu kwa safu, polepole, kama anauona leo, na mkono wake ukabaki umekaa kifuani.

Ijumaa asubuhi alimpigia mkurugenzi.

"Nipe namba moja," mkurugenzi alisema.

"Ninayo, lakini siyo uliyonituma. Ni ya masikio."

"Rudia, sikusikia vizuri."

Bi Desimali alitaka kurudia, akanyamaza. Miaka yote, kila mkurugenzi alipomwambia arudie, alidhani ni simu mbovu. Mkurugenzi yule alianza kazi ujanani kwenye Kiwanda cha Kwanza, miaka kumi na mmoja kwenye mashine ya kukata.

Alirudia polepole, neno moja moja: sekunde nne, vidole, theluthi moja, wawili.

"Niandikie," mkurugenzi alisema mwishowe, kwa sauti ambayo Bi Desimali hakuwa ameizoea. "Yote. Na wale thelathini na wawili waache."

Mambo hayakuishia kwa vigelegele. Kipimo cha mikono hewani kilifutwa kwenye Kiwanda cha Saba na, mwaka uliofuata, kwenye vingine vitatu. Kwenye saba vilivyobaki Bi Desimali bado anagombana na wenye kamera. Usikivu umeingia kwenye ripoti ya Jumatatu, una safu yake. Dada wawili wale walikwenda mwezi mmoja kufundisha Kiwanda cha Tatu, na Mama Bisibisi alirudi akilalamika kwamba watu wa kule wana aibu na mikono yao. Alipoulizwa anataka kampuni imfanyie nini, aliomba taa kumi na mbili, kwa sababu kona ya mlango wa mizigo ina giza na maneno yanapotea pale. Zilifungwa.

Lakini ukimuuliza Bi Desimali kuhusu safari ile, hakuambii namba. Atakuambia habari ya Ijumaa, saa kumi jioni, zamu ilipokwisha. Alikuwa chini ya ngazi akisubiri kuaga. Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine, na ukimya ukaanguka, ukimya wa kusikia mpaka tone la mafuta. Watu walitoa vizibo, wakavifuta, wakavitia mifukoni. Sasa wangeweza kusema. Hakuna aliyefungua mdomo. Walitoka wakiagana kwa mikono, wanaulizana, wanataniana, watu mia moja na arobaini, na sauti pekee ukumbini ilikuwa ya viatu vyao na ya nguo zinazogusana. Yeye alisimama pale na mkoba wake, hajui neno hata moja, akawapisha wapite.