Kinyozi Aliyepima Watu kwa Macho

Kinyozi yule wateja walimbatiza jina la Daktari, naye hakulikataa. Akishika mashine tu, mdomo nao unaingia kazini.

"Mwenye virusi vya UKIMWI mimi namjua kwa shingo," alikuwa akisema huku akikung'uta taulo. "Ikishakuwa nyembamba, kwisha habari yake. Yangu si mnaiona? Ya fahali hii!"

Wateja wanacheka, wengine wanajipapasa shingo kwa siri. Yeye kupima hakwenda. Apime nini, na kioo anacho ukutani?

Malengelenge ya mkanda wa jeshi yalipomtoka ubavuni, alisema ni joto. Utando mweupe ulipomjaa mdomoni, akasingizia dawa ya meno. Kikohozi ndicho kilichokosa cha kusingiziwa: kilimwangusha chini yeye mwenyewe, mteja akiwa kitini amenyolewa nusu kichwa. Dada yake mkubwa, mtaalamu wa maabara, aliitwa, akampeleka zahanati bila kumuuliza anaonaje.

Majibu yalipotoka, dada alifunga mlango.

"Una virusi. CD4 zako themanini na nne. Mwenye afya huwa nazo zaidi ya mia tano."

"CD4 ndiyo nini tena?"

"Daktari mzima hujui?" Dada hakucheka. "Ni chembe za damu zinazoamuru kinga nyingine zipigane. Kirusi kinaingia humo humo, kinaigeuza chembe kiwanda cha kuzalisha virusi vingine, mwisho inakufa. Nyingi hata kiwanda haziwi. Kirusi kikiingia tu zinajiua, na zikipasuka zinaleta uvimbe unaovuta nyingine zije kufia hapo hapo. Mwili unatengeneza mpya kila siku, miaka inapita unajiona mzima. Ukizidiwa, ndiyo hivi."

"Lakini dada, shingo yangu..."

"Shingoni kuna tezi, na kwenye tezi ndiko chembe hizo zinakofia kwa wingi."

Kinyozi akaishika shingo yake kwa mikono miwili. Akalia kama mtoto. Dada akamwacha alie, kisha akampeleka dirisha la dawa.

"Kila siku, maisha yote. Zinazuia virusi kuzaliana, chembe zipate nafasi ya kurudi."

Alimeza. Baada ya miezi kumi CD4 zilifika mia mbili na ishirini, naye alikuwa amesharudi kazini. Siku moja wateja wakamchokoza: ugonjwa gani ule uliomlaza?

"Nina virusi. Nameza dawa," akajibu, akiwasha mashine.

Aliyekuwa kitini akauliza kwa sauti ndogo zahanati inafunguliwa saa ngapi. Wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakakumbuka ghafla kwamba nywele zao bado fupi.