Sweta la Mzee Mathe

Harufu ndiyo iliyotangulia, kisha moshi. Siphathi alikuwa amesimama dirishani mwa behewa la chakula, akitazama kuta za karakana zikirudi nyuma polepole, alipoinusa. Haikuwa harufu ya kuni wala ya mafuta. Ilikuwa ile ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko. Nje, Velaphi, mpaka rangi wa kikundi, alikuwa akikimbia kando ya reli huku akipunga mikono yote miwili.

"Mwambieni dereva asimame," alipaza sauti. "Tunachoma gurudumu."

Kichwa kidogo cha dizeli kilichokuwa kikilivuta behewa kilisimama. Watu wa kujitolea wa makumbusho ya reli ya Gwabila waliteremka mmoja mmoja, kimya, kama watu wanaoshuka kwenye gari la msiba. Misimu mitatu ya jua walikuwa wamelikwangua behewa lile rangi, wakazipiga msasa mbao zake, wakavisha viti vyake ngozi mpya. Walilikuta kwenye nyasi, mbuzi wakilala ndani. Leo lilikuwa limetembea mwendo wa kutoka karakana hadi kinu cha mahindi, na sasa linafuka.

Mvundla, fundi mstaafu aliyekuwa akiwaongoza, alipiga goti kando ya gurudumu la nyuma. Alifungua mfuniko wa kisanduku cha chuma kinachofunika ncha ya ekseli. Ndani ya kisanduku kile ekseli huzunguka ikigusa tandiko la nyuzi zilizolowa mafuta. Nyuzi hunyonya mafuta na kuipaka ekseli. Zisiponyonya, chuma husaga chuma. Mvundla aliingiza kulabu, akatoa donge jeusi, gumu, linalong'aa kama gamba la mende.

"MaMathe," alimwita Siphathi kwa ukoo wake, kama walivyomwita wote. "Uzi huu uliununua wapi?"

"Sokoni. Ule ule ninaofumia vitambaa vya meza."

Vitambaa hivyo ndivyo alivyopeleka Johannesburg kuuza, miaka na miaka, akilala kwenye vituo vya mabasi na kifurushi chini ya kichwa. Kwa hiyo kikundi kilipouliza nani angetengeneza matandiko ya nyuzi, hakuna aliyetazama kwingine. Naye aliyafuma kwa uangalifu, akapunguza ncha, akayafanya yapendeze ingawa hakuna ambaye angeyaona.

"Kiberiti," Siphathi alimwambia Velaphi.

Aliuchomoa uzi mmoja uliokuwa haujaungua, akauwasha. Uzi haukuwa majivu. Ulijikunja, ukawa tone jeusi kwenye ncha.

"Nailoni," alisema. "Nimewapa nailoni. Nailoni haina kiu."

"Kwani ilitakiwa nini?" Velaphi aliuliza.

"Sufu ya kondoo. Nilipaswa kufikiri. Kila siku nawaambia wateja hii haifyonzi maji, haichuji, haifi. Najisifia."

Mvundla alijifuta mikono kwa suruali. "Nami niliushika kwa mkono wangu huu. Enzi zetu ulikuja kwenye magunia, tukashindilia tu. Nani aliuliza kama umetoka kwa mnyama au kiwandani?" Alisimama kwa taabu. "Shida si nani kakosea. Shida ni Jumamosi."

Wote walijua maana yake. Mkaguzi wa reli, Bwana Hadebe, ambaye angekuja siku hiyo, alikuwa amesema waziwazi: behewa litakaloshindwa kutembea mbele yake litapandishwa juu ya matofali ya zege, na magurudumu yake yapewe behewa jingine. Lingebaki hapo milele, zuri, limesimama.

Siphathi alirudi nyumbani kwa miguu. Hakuwahi kufanya kazi ya reli. Aliingia karakana kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imekaa mlangoni, miguu juani.

"Limeungua," baba yake alisema kabla hajasalimiwa.

"Nani kakwambia?"

"Nguo zako. Unanuka kama shimo la taka."

Mzee Mathe alikuwa mhudumu wa behewa la chakula tangu ujanani hadi mvi zilipomjaa. Alijua kila ubao wa sakafu yake kwa nyayo. Kukaa kwenye kiti chake hata kimoja, hajawahi. Mwanzoni watu wa rangi yake hawakuruhusiwa kukaa mle. Baadaye ruhusa ikaja, ila yeye alikuwa bado na sinia mkononi. Siphathi alipomwambia kwamba behewa lenyewe linatengenezwa, alijibu kwamba siku litakapotembea atakuja kukaa. "Lakini sitakaa kwenye behewa lililosimama," alisema. "Hilo ni banda la kuku lenye pazia."

Sasa macho yake yalikuwa yamefifia na pumzi yake ilikuwa fupi. Msimu mwingine wa kusubiri hakuwa nao, na wote wawili walikuwa hawalisemi hilo.

Siphathi alimletea chai. Sukari aliikoroga jikoni, kama kawaida, kwa sababu baba yake hakutaka kusikia kijiko kikigonga kikombe. Abiria walimwita hivyo: ting, ting, ting, kutoka meza hii hadi ile, Bulawayo hadi Victoria Falls. "Kijiko kilinifahamu kuliko watu," alizoea kusema.

Alikaa mkabala naye. Ilikuwa Novemba, joto limebana kabla ya mvua, lakini mzee alikuwa amevaa sweta lake la buluu, lenye viwiko vilivyotiwa viraka.

"Unaniangalia nini?"

"Sikuangalii."

"Macho yangu ndiyo yamekufa, ngozi haijafa. Unaniangalia kifuani."

Siphathi alisita. "Baba, sweta hilo ni la sufu?"

"Ni la reli."

"Reli inafuga kondoo?"

Mzee hakucheka. "Siku ya kuniaga walitaka nirudishe kila kitu. Koti, kofia, hata vifungo vya akiba. Hili walilisahau." Alivuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole. "Kwa hiyo ni langu."

"Ndiyo, Baba. Ni lako."

Walikula isitshwala, ugali wa kwao, na maziwa ya mgando, na neno jingine kuhusu sweta halikusemwa.

Asubuhi Siphathi alilikuta mezani, limekunjwa. Ukosi wake ulikuwa umekatwa kwa kisu. Kando yake kulikuwa na kijiko cha chai, na kwenye kijiko kile uzi wa buluu ulikuwa umezungushwa raundi baada ya raundi hadi ukanenepa kama yai. Baba yake alikuwa uani, amevaa shati tupu, mikono ameikunja kifuani.

"Shingo ndiyo ngumu," alisema bila kugeuka. "Kuanzia hapo linafumuka lenyewe."

Siphathi alikishika kijiko chenye uzi kwa mikono miwili.

"Halitoshi ekseli zote," mzee aliendelea. "Nimeshamtuma jirani. Tulikuwa wengi tuliosahauliwa masweta."

Kabla ya saa sita wastaafu walianza kuingia karakana. Mmoja alikuja na lake kwenye mfuko wa unga. Mwingine alilivua hapo hapo, akabaki na fulana, akidai lilikuwa linamwasha tangu miaka ya tisini. Siphathi alikata uzi mdogo kutoka kila moja na kuuwasha. Uliotoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu, aliupokea. Uliojikunja, alimrudishia mwenyewe.

"Hili nilipewa na reli," alilalamika mzee mmoja, sweta mkononi.

"Hili ulipewa na mkeo," Velaphi alisema. "Lina maua."

"Na lile la Nkiwane usilipokee, MaMathe," Mvundla aliongeza. "Limelowa bia. Gurudumu litayumba."

"Angalau langu limelowa," Nkiwane alijibu. "Wewe ulituwekea plastiki."

Kicheko kilizunguka karakana, na kwa mara ya kwanza tangu moshi ule Siphathi naye alicheka. Walikaa kwenye mabenchi, wanaume kwa wanawake, wakifumua. Mashimo ya nondo yalikatisha nyuzi, wakaziacha zilivyo. Safari hii Siphathi hakuzifuma zipendeze. Aliziviringa ovyoovyo, zikabaki zimetuna na kuchangamka, akazitumbukiza kwenye mafuta. Alisubiri. Pole kwa pole buluu ikageuka nyeusi, na mafuta kwenye beseni yakashuka.

"Zinakunywa," alisema.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na reli ziling'aa. Bwana Hadebe, mkaguzi, alifika na mwavuli na maneno machache. Alitazama breki, akatazama minyororo, akainama kwenye kila kisanduku. "Twendeni hadi ukingo wa mji na kurudi," alisema. Ilikuwa mbali kuliko kinu cha mahindi, mbali mno.

Mzee Mathe alipandishwa ngazi na Velaphi. Ndani, alimwachia mkono. Alisimama katikati ya behewa, akanusa vanishi, akagusa mgongo wa kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Behewa liliposhtuka na kuanza kwenda, vijana waliyumba na kushika meza. Yeye magoti yake yalilegea kidogo tu, akabaki wima kama mshumaa.

"Kaa, mzee," Velaphi alimwambia.

"Nimezoea kusimama."

Siphathi alitoka jikoni mwa behewa. Alikuwa amevaa aproni nyeupe, na sinia lilikuwa mkononi, buli na kikombe juu yake. "Baba," alisema, "leo mhudumu ni mimi. Ukisimama njiani nitapitaje?"

Mzee alifikiri. Kisha akakaa, taratibu, kwenye meza ya dirishani, akaweka mikono juu ya kitambaa cheupe.

"Utamwaga," alisema.

"Sitamwaga."

"Kwenye njia panda ya reli utamwaga. Legeza magoti. Usitazame kikombe, tazama unakokwenda."

Njia panda ilifika. Magurudumu yaligonga, behewa likajitupa kushoto, likarudi. Siphathi alilegeza magoti, akatazama mbele. Chai ilipanda hadi ukingoni mwa kikombe, ikafikiri, ikashuka. Akamwekea baba yake kikombe mezani, na kijiko kando yake.

Kwenye ukingo wa mji treni ilisimama. Kila mtu alichungulia dirishani. Mkaguzi alitembea chini, kwenye tope, akiweka kiganja juu ya kila kisanduku. Alifika kile cha nyuma, kilichoungua. Aliweka kiganja. Hakukiondoa. Siphathi alihisi sinia likiwa zito. Mkaguzi aliinama, akanusa, akaweka kiganja tena, safari hii mkono wa pili.

"Vuguvugu," alisema hatimaye. "Kama mkate wa jana. Magurudumu haya yabaki hapa hapa yalipo."

Nkiwane alianza kupiga mluzi. Mvundla alivua kofia, akajipangusa uso wote nayo, akaacha mstari wa grisi kutoka sikio hadi sikio, na watu wakapeana mikono juu ya meza, chini ya meza, kupitia madirisha. Kichwa cha dizeli kilipiga honi ndefu. Behewa likaanza kurudi nyumbani.

Siphathi alikuwa mwisho wa behewa, mgongo kwenye ukuta, akivuta pumzi. Wanawake waliokuwa wakifua walisimama mabombani kutazama. Watoto walikimbia sambamba.

Kisha akasikia. Alidhani ni chuma cha chini. Aligeuka.

Baba yake alikuwa amegeuza uso dirishani, kama bwana mkubwa asiye na haraka. Mkono wake mmoja, uliotoka kwenye shati tupu, ulikuwa umekishika kijiko. Alikigonga kwenye kikombe kitupu. Mara moja, kwa upole kabisa.

Siphathi alinyoosha aproni, akachukua buli, akalegeza magoti, akaanza kuja.