Saa Isiyojua Shikamoo

Pii. Kimya kidogo. Pii tena.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Mkolani, nikimsubiri mdogo wangu Dorotea amalize mbio zake. Kabla sijamwona, nilijua kwamba huko nyuma ya miamba alikuwa amesimama tena. Saa ililia aliposimama, ikalia alipoanza kukimbia. Kati ya milio hiyo miwili, kuna mzee aliyekuwa amepigiwa goti na kuamkiwa.

Alipotokea kwenye kona alikuwa na saa mbili, moja kila mkono. Irfan, mwenye duka la vifaa vya michezo mjini, alituazima zote hadi jioni ili tuzijaribu tuchague moja, akatuonya tusizikwaruze. Zote hupima umbali na mwendo kwa setilaiti. Ya kushoto, yenye kioo kipana cha rangi, hujisimamisha yenyewe mkimbiaji akisimama. Ya kulia ni ndogo, ya vitufe, na ukishaiwasha inahesabu tu, hata ukilala usingizi.

Klabu yetu ilikuwa inakwenda kushindana Nansio, na kwenye timu ya wasichana nafasi ilibaki moja. Kocha Chenge alitaka kilomita kumi chini ya dakika arobaini na tano, zikiwa zimerekodiwa na saa. Saa ya kushoto ilisema Dorotea amefuzu. Ya kulia ilisema amechelewa.

"Tunachukua ya kushoto," nikasema. "Hii ndiyo saa ya watu wenye adabu."

Dorotea alitaka kocha aulizwe kwanza. Nikampigia simu, nikamweleza kwa fahari jinsi saa hii inavyoheshimu wazee. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kupumzika ni kupumzika hata kama umepiga goti, na huko Nansio hakuna atakayesimamisha mashindano ili mtu aamkie. Alitaka muda wote, tangu kuanza hadi kumaliza.

Nilichemka. Nikamwambia Dorotea basi awe anapita tu huku akipunga mkono, kama watu wa mjini.

"Mmoja wa hao wazee ni Bibi Paskazia aliyenibeba mgongoni, kaka. Nimpungie mkono kama naita bodaboda?"

Nikamwambia twende tukarudishe saa.

Dukani, Irfan alitueleza kwamba hata ile kubwa mtu anaweza kuizimia hiyo tabia ya kujisimamisha. Dorotea aliivua mkononi.

"Nikiichukua, leo nitaizima," akasema. "Siku nikichoka nitaiwasha." Akairudisha kwenye kabati la kioo, akavaa ile ndogo.

Niliziaga zile rangi kwa huzuni. Irfan akanitania kwamba tangu afungue duka, mimi ndiye mteja wa kwanza kufiwa na saa.

Kesho yake asubuhi nilipanda baiskeli nikatangulia. Kila mzee niliyemkuta njiani nilishuka nikamwamkia mara mbili: shikamoo yangu, na ya Dorotea anayekuja nyuma mbio. Wengi walicheka, wakaitikia zote mbili, na yeye alipotokea wakamhimiza asilegee. Bibi Paskazia, aliyekuwa akianika dagaa mbele ya nyumba yake, hakucheka.

"Marahaba hii ni yako," akaniambia. "Ya pili naiweka. Mwenyewe aje aichukue."

Wakati huohuo Dorotea akapita, macho mbele, akiona aibu waziwazi. Nadhani aibu hiyo ndiyo iliyomsukuma, maana sijawahi kumwona akikimbia vile. Alipobonyeza kitufe mwishoni, ile saa yetu isiyo na mapambo ilionyesha kwamba amemaliza ndani ya muda wa kocha. Tukamtumia Chenge rekodi hiyo. Jasho halijakauka, jibu likaja: nafasi ni yake, na aende uwanjani sasa hivi kupimiwa jezi.

Akaondoka akiruka kama mwanambuzi, uchovu wote umemtoka. Mimi nikageuza baiskeli kurudi kwa Bibi Paskazia. Bila kuinua macho kutoka kwenye dagaa wake, aliniuliza mwenye shikamoo yuko wapi.

Safari hii mimi ndiye niliyepiga goti, mwanamume mzima, barabarani, watu wakipita.

"Jumapili, Bibi," nikamwambia. "Nitamleta mwenyewe, tena bila saa mkononi, na hataondoka mpaka umemaliza habari zako zote."