Mashine Isiyomjua Mtu

Mwalimu Walter Okeyo hakuwa mtu wa kucheka na kamari. Mwanawe wa kumzaa, Bravin, alipouza ndama wa nyumbani ili abashiri mechi za Uingereza kwa simu, Mwalimu hakumwita kando. Akiwa mzee wa kanisa, alisimama mbele ya waumini wa Uriri siku ya Sabato, akamtaja kijana kwa jina lake lote, akamvua uongozi wa kwaya, kisha akatangaza wimbo wa kufungia ibada bila sauti kumtetemeka. Watu walimwogopa kwa hilo, na wengi wao walimheshimu pia.

Kwa hiyo Daktari Mokua alipowaeleza, katika chumba kidogo cha hospitali moja mjini Homa Bay, kwamba kompyuta ndiyo itakayoamua mkewe Jedidah aingie kundi gani la dawa, Mwalimu aliinuka na kuvaa kofia yake humo humo chumbani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto wake.

"Keti, Mwalimu," Jedidah alimwambia.

"Nimeketi vya kutosha. Mke wangu si mechi ya mpira."

Jedidah alikuwa amekatwa titi la kushoto, akapona, akarudi kwenye kwaya na kwenye shamba lake la njugu. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Picha zilionyesha kwamba saratani imerudi, safari hii ndani ya mifupa, na daktari hakuwaficha: haitaondoka tena, ila inaweza kuzuiwa kwa muda. Ndipo alipowaambia habari za utafiti. Kulikuwa na dawa mpya ya vidonge ambayo wataalamu walitaka kujua kama inasaidia. Nusu ya wanawake watakaokubali watatibiwa kwa dripu ya kawaida. Nusu nyingine watapata dripu ile ile pamoja na vidonge vipya. Nani aende wapi, kompyuta itabahatisha. Anayekubali anaweza kujitoa siku yoyote, na hatanyimwa matibabu kwa sababu hiyo.

"Mnipe nafasi nifikiri," Jedidah alisema.

"Hakuna la kufikiri," alisema Mwalimu akiwa mlangoni.

Nyumbani Uriri walikaa siku kadhaa wakizungumza habari za mvua na za mbuzi. Jioni moja, Jedidah akichambua mboga, Mwalimu aliona ni vyema alimalize jambo lile.

"Nitampigia daktari simu nimwambie tumekataa."

"Tumekataa na nani?"

"Mama Cate, mimi ndimi kichwa cha nyumba hii."

"Ni kweli. Na titi lilikatwa la nani?" Aliendelea kuchambua mboga zake. "Daktari alipouliza, hakukutazama wewe. Alinitazama mimi."

"Alituuliza sote."

"Wewe ulikuwa umeshavaa kofia."

Mwalimu hakuzoea kujibiwa hivyo, hata na mkewe. Alitoka akazunguka zizi lisilohitaji kuzungukwa. Aliporudi alikuwa amepata njia, na njia ile ilimpendeza kwa kuwa ilionekana ya haki. Wangerudi Homa Bay, naye angemwomba daktari achague mwenyewe. Mtu aliyesoma miaka yote ile hawezi kukosa kujua dawa iliyo bora. Achague kwa akili aliyopewa na Mungu, kisha Jedidah atie sahihi kwa amani.

Daktari Mokua alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa Mkisii mnene, mpole, mwenye tabia ya kugeuza kalamu mezani kabla ya kusema neno.

"Mwalimu, sijui iliyo bora."

"Hujui vipi? Wewe ni daktari."

"Ningejua, ningempa leo. Kujua kisha nimwachie mashine ibahatishe, hiyo ndiyo ingekuwa dhambi. Vidonge vile huenda vikamsaidia. Huenda vikamchosha bure, vikamharibia tumbo, visimwongezee chochote. Ndiyo maana tunauliza."

"Basi wagawe wewe. Mwanadamu ana dhamiri, mashine haina."

"Hapo ndipo penye shida." Kalamu ikageuka. "Wewe ni mkulima pia, sivyo? Ukiletewa mbegu mpya ya mahindi, ukaipanda upande wenye samadi, na ile ya zamani ukaiacha kwenye mawe, siku ya kuvuna utasifu nini? Mbegu au samadi?"

Daktari aliendelea bila kungoja.

"Mimi ningewapa vidonge wale wenye nguvu, kwa sababu nawaonea matumaini. Au ningempa mama huyu, kwa kuwa amekuja na mume aliyenyooka, anayejua kuuliza. Jana alikuja mama kutoka Magunga, peke yake, haongei sana. Huyo ningempa nini? Mashine haimjui yeye, na haikujui wewe."

Maneno hayo yalimfikia Mwalimu mahali alipokuwa hajajikinga. Kwa maisha yake yote ya ukuu wa shule alikuwa amewarudisha wazazi mlangoni na kuku wao mikononi, mkulima na diwani sawasawa, kwa sababu hakutaka mtoto apate nafasi kwa uso wa baba yake. Na sasa alikuwa amekuja hospitalini kuuza uso wake mwenyewe. Aliitazama sakafu.

Jedidah hakumngoja. Alivuta karatasi za ridhaa, akamwomba Nesi Caren amsomee tena ukurasa wa madhara kwa Kiluo, akauliza kama atatapika, akauliza kama nywele zitaanguka, akajibiwa, kisha akatia sahihi kwa mwandiko wake wa mviringo wa shule ya wasichana. Vipimo vikafanywa, majibu yakakubalika, na wiki iliyofuata wakaitwa.

Nesi Caren alibonyeza, akangoja, akasoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama, umeangukia kundi la dripu ya kawaida."

Kisha, kwa mshangao wa kila mtu na wake mwenyewe zaidi, Mwalimu Walter akasema, "Rudia."

"Siwezi kurudia, Jaduong', mzee wangu."

"Mara moja tu. Labda haikushika vizuri."

"Ikishatoka imetoka."

"Basi ajitoe. Daktari alisema anaweza kujitoa. Ajitoe leo, kesho aingie upya kwa—"

Jedidah alicheka. Alicheka mpaka akashika mgongo kwa maumivu, huku machozi yakimtoka. "Bwana Mwalimu! Bravin mwenyewe hajawahi kuomba mechi irudiwe!"

Nesi aligeuza uso kuelekea dirishani, mabega yakimtikisika. Mwalimu alihisi masikio yakimchoma. Hapo ndipo alipoona, waziwazi kama maandishi ubaoni, kwamba tangu siku ya kwanza hakuwa akiikataa kura. Alikuwa akikataa kushindwa.

"Sijitoi," Jedidah alisema alipopata pumzi. "Hapa wananipima kila nikija, na nikiumwa kuna namba ya kupiga. Tena wakitoka wote wasiopata vidonge, watavilinganisha na nini? Binti yetu Cate ana titi kama langu. Acha wajue."

Walimlaza kwenye kiti kirefu, wakamtafuta mshipa, na dawa ikaanza kushuka. Mwalimu aliketi kwenye benchi kando yake. Dirishani ziwa lilionekana kipande, jeupe kwa jua. Alitamani kuomba radhi, lakini hakujua aanzie kosa lipi.

"Umenikasirikia?" alimwuliza mkewe.

"Hapana."

"Mbona umenyamaza?"

"Ninaogopa, Walter."

Miaka yote Jedidah alimwita Mwalimu, hata chumbani. Walter alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya faraja mengi, aliyoyatumia kwenye mazishi kutoka Rongo hadi Isebania, na kila alilolishika lilisikika kama la jukwaani.

"Tangu lini?"

"Tangu uvimbe wa kwanza. Nilikuwa naoga, nikaugusa."

"Hukuniambia."

"Ungenipa jibu."

Walter aliitazama dripu. Alikumbuka jinsi yule daktari mnene alivyosema hajui, mbele ya watu, na dunia haikuanguka. Akaisogeza benchi mpaka goti lake likagusa kiti cha mkewe.

"Sina jibu," alisema. "Niambie tu."

Jedidah alimwangalia kidogo, kama mtu anayepima kama daraja litambeba. Kisha akaanza kumweleza, kwanza habari za mgongo.